Kimbilio lisilo na bawabu

Vijana wetu wa mjini wanapenda vitabu vya picha vya Marekani, vile ambavyo Panini huvitoa kwa Kifaransa, na wazazi wengi wanaviona kuwa upuuzi wa rangi rangi. Sisi tumekaa tukavisoma, na leo twataka kupima habari moja iliyomo, kwa kipimo kile kile tunachopimia kitabu chochote kingine. Ni habari ya Krakoa, kisiwa cha kubuniwa ambacho kampuni ya Marvel ilikifanya kimbilio la watu wanaowindwa, tangu Julai 2019 mpaka Juni 2024. Miaka mitano wakubwa wa kisiwa waliwaambia watu wao: Hapa mko salama. Na miaka hiyo hiyo adui aliingia karibu kila alipotaka. Basi tunauliza maswali mawili. Adui alipitia mlango gani? Na waandishi, je, waliuacha mlango wazi kwa kusudi, ili tuone jambo fulani, au waliusahau tu, kwa kuwa hadithi isiyo na adui haipati wanunuzi?

Kwa wasiojua, tueleze kwa kifupi. Mwaka 1963 Stan Lee na Jack Kirby walibuni kundi la X-Men. Hao ni wamutanti, yaani watu waliozaliwa na nguvu ngeni ndani ya damu: mmoja anasoma mawazo ya wengine, mwingine anavuta chuma kwa mbali, mwingine ana ngozi ya buluu na mkia. Watu wengine wa dunia wanawaogopa, na woga ukizidi wanawaua. Ndiyo maana katika vitabu hivyo kimbilio linatafutwa kila mara, na mara nyingi linakuwa kisiwa. Kabla ya Krakoa kulikuwa na Genosha, ambayo waandishi waliiweka baharini upande wetu huu wa dunia, mbele ya pwani ya Afrika ya Mashariki, kaskazini ya Madagascar. Magneto aliitawala kama nchi ya wamutanti. Mwaka 2001 mwandishi Grant Morrison aliiteketeza katika toleo moja tu, wakafa watu 16,000,000. Halafu mwaka 2009 ikaja Utopia, mwamba ulioinuliwa baharini mbele ya San Francisco. Mwaka 2010 adui wakaufunika mwamba huo kwa kuba kubwa jekundu, na kimbilio likawa mtego. Msomaji anayekumbuka visiwa hivyo viwili anaingia Krakoa akiwa na mashaka. Wakaaji wake nao walipaswa kuwa nayo.

Tena Krakoa yenyewe haikuwa na sifa njema. Ilipoonekana mara ya kwanza mwaka 1975, katika kitabu cha Len Wein na Dave Cockrum, ilikuwa kisiwa chenye uhai kinachokula nguvu za wamutanti walionaswa juu yake. Mwandishi Jonathan Hickman hakuificha habari hiyo. Katika House of X na Powers of X za mwaka 2019, zilizochorwa na Pepe Larraz na R. B. Silva, kisiwa kinaendelea kujilisha kwa nguvu za wakaaji, lakini kidogo kidogo, kila mmoja akitoa sehemu asiyoisikia. Kijana Doug Ramsey, mwenye kipaji cha kuelewa lugha zote, ndiye anayezungumza nacho. Twausifu mwanzo huu. Wanaokimbia wanalala juu ya mgongo wa mnyama aliyewala jana, na mwandishi anatuambia hivyo bila kupaza sauti.

Ulinzi ulipangwa hivi. Maua ya Krakoa yakipandwa mahali popote yanakua kuwa mlango. Mutanti anaingia Yerusalemu na kutokea kisiwani kwa hatua moja. Asiye mutanti hapiti, isipokuwa mutanti amempa ruhusa. Wakuu wao, Charles Xavier na Magneto, waliwapa mataifa dawa tatu: moja ya kuongeza miaka mitano ya maisha, moja ya kuua vijidudu vya kila namna, moja ya kuponya magonjwa ya akili. Mataifa yaliyozitaka yalipaswa kuitambua nchi yao. Sheria zikawa tatu: ongezeni wamutanti, msiue mwanadamu, heshimuni nchi hii takatifu. Baraza la watu kumi na wawili, liitwalo Baraza la Kimya, likashika usukani. Makapteni wa vita nao wakachaguliwa. Lakini yule mtu wa kukaa mlangoni na kumwuliza anayeingia, Wewe ni nani, na nani amekutuma? huyo hatumwoni. Walimwachia kisiwa kazi hiyo, nacho kisiwa kinaijua damu tu.

Matunda yake yalionekana upesi. Novemba 2019, katika toleo la kwanza la X-Force, la mwandishi Benjamin Percy na mchoraji Joshua Cassara, adui walimkamata mwanamke mmoja mutanti, Domino, wakamchuna ngozi, wakawapandikizia askari wao. Askari hao walishuka kutoka angani kwa miavuli. Kisiwa kiliwapapasa, kikasikia damu ya mwana wa nyumbani, kikanyamaza. Wakaua watu, wakafika mpaka kwa Xavier mwenyewe, wakampiga risasi. Black Tom Cassidy, ambaye mwili wake umeungana na mimea ya kisiwa, alikuwa na kazi ya kusikiliza; lakini angesikia nini, ikiwa udongo wenyewe unamwambia kwamba waliokuja ni ndugu?

Hapa tunasimama kidogo, kwani kwa maoni yetu hizi ndizo kurasa zenye akili kuliko zote za miaka ile mitano. Percy hakuhitaji adui mwenye nguvu kupita wamutanti. Alitafuta alama moja ambayo ulinzi wote uliitegemea, akaonyesha kwamba alama inaweza kuchunwa na kuvaliwa. Hata mlinda ghala wa kijijini anajua jambo hili: ufunguo hautambui mkono unaoushika. Wamutanti walikuwa wameteswa kwa ajili ya damu yao, kisha wakaifanya damu hiyo hiyo kuwa hati ya kuingilia, wakafikiri kwamba mwenye damu yao hawezi kuwa adui, na adui hawezi kuipata damu yao. Mambo yote mawili yalikuwa ya uongo. La pili lilionekana siku ile. La kwanza lilichukua muda zaidi, nasi tutalirudia.

Baada ya msiba huo, je, wakubwa walibadili mlango? Waliunda kikosi cha siri, X-Force, wakamweka Beast, mganga na mtaalamu mkubwa, awe mkuu wa upelelezi wake. Beast akapeleka ulinzi mbali na nyumbani, mpaka nchi za wengine. Katika Terra Verde, nchi ya kubuniwa, alifanya maovu makubwa kwa jina la usalama, hata Jean Grey akakiacha kikosi. Percy aliendelea na mtu huyu miaka mingi, kila mwaka akimfanya mbaya zaidi, na twakiri kwamba tulichoka. Msomaji akishaelewa kwamba mlinzi amekuwa mwizi, haina haja ya kumwambia mara arobaini.

Kwa nini hawakuitengeneza boma yao? Jibu liko wazi katika vitabu, ingawa si kila mwandishi aliliona. Hawakuitengeneza kwa sababu kufa hakukuwa hasara tena. Wamutanti watano wakiunganisha nguvu zao waliweza kuotesha mwili mpya ndani ya yai, na mashine ya Xavier iitwayo Cerebro ilikuwa imehifadhi nakala ya mawazo ya kila mmoja. Aliyeuawa leo alirudi baada ya siku chache. Xavier naye alirudi. Wasomaji wetu wasishtuke kwa neno kufufuka. Jambo hili halifanani na Pasaka hata kidogo. Ni kama karani anayetoa nakala ya barua iliyochanika. Lakini tazama linavyoharibu ulinzi. Mahali ambapo kifo kinarekebishwa kwa yai, nani atakesha usiku? Mlinzi akisinzia, watu wakafa, kesho asubuhi watakunywa chai pamoja.

Hickman alilitambua mapema. Katika X-Men namba 7 ya mwaka 2020, iliyochorwa na Leinil Francis Yu, wamutanti waliopoteza nguvu zao wanalazimika kupigana na Apocalypse mpaka wauawe, mbele ya watu wote, ndipo wazaliwe tena wakiwa wazima. Msichana Melody Guthrie anakatwa kwa upanga, na umati unatazama. Kurt Wagner, yule mwenye ngozi ya buluu na mkia, ambaye ni Mkatoliki, anatazama pia, na moyo wake unakataa ingawa hana maneno ya kulikataza. Mwaka 2021 mwandishi Si Spurrier alimpa Kurt kitabu chake, Way of X. Humo kijana mmoja, Pixie, anajiacha apigwe risasi na adui kwa kusudi, kwa sababu wenzake wamekwisha kufa na kurudi, yeye bado. Kwao ni mzaha. Kurt hacheki. Wengine watasema kitabu hicho ni cha mambo ya dini, hakihusu ulinzi. Sisi tunaona kwamba hakuna kitabu kinachohusu ulinzi wa Krakoa kuliko hicho. Kijana aliyezoea kuona mwili wake kuwa nguo ya kubadilisha hatamlinda jirani yake pia, wala hatashtuka akiwaona wageni wenye bunduki ufukoni.

Sasa turudi kwa lile jambo la kwanza, kwamba mwenye damu yao hawezi kuwa adui. Kisiwa kilichojengwa kwa damu kilikuwa na shimo moja ambalo kisiwa chenyewe hakikutakiwa kulijua. Humo aliishi Moira MacTaggert, mwanamke aliyekwisha kuishi maisha tisa na kuanza la kumi, naye ndiye aliyelipanga jambo lote pamoja na Xavier na Magneto. Wakaaji hawakuambiwa. Baraza halikuambiwa. Waliwekewa msingi wa nyumba wasioruhusiwa kuukagua. Na Moira aliogopa watu wenye kuona mambo yajayo, kwani wangemfichua. Hivyo wakubwa walizuia mtu wa namna hiyo asirudishwe hai. Kati ya waliozuiliwa alikuwamo Destiny, mwenzi wa Mystique. Mystique alitumwa kazi ya hatari, akafa, akarudishwa, akaahidiwa kwamba Destiny atarudi. Akatumwa tena. Ahadi ikasogezwa mbele. Akauliza, akaambiwa asubiri.

Ndugu zetu, mtu yeyote aliyewahi kungojea mshahara ulioahidiwa mwezi baada ya mwezi anajua namna habari hii itakavyoishia. Katika Inferno, matoleo manne ya mwaka 2021 na 2022, Mystique anajirudishia Destiny mwenyewe kwa hila, na wawili hao wanamvua Moira nguvu zake. Moira anatoroka akiwa adui wa kila aliyewahi kumlinda, na mwishowe anaungana na Orchis, wale wenye nia ya kuwamaliza wamutanti. Nani alileta hatari hiyo ndani? Hakuna askari wa mwavuli. Ni neno lisilotimizwa, na siri waliyowekewa watu waliokwisha kutoa kila kitu. Hickman anaongeza jambo dogo tunalolipenda sana: Doug Ramsey alikuwa amesikiliza yote tangu mwanzo, pamoja na kisiwa. Wakubwa walijificha kwa mlinzi wao wa pekee aliyekuwa macho, na mlinzi huyo alikuwa anawasikia.

Twaweza kupita upesi juu ya wajumbe wengine wa Baraza, kwani mfano ni ule ule. Mister Sinister aliwekwa barazani tangu mwanzo, ingawa kila mtu alimjua kuwa mwongo, kwa sababu alikuwa na hazina ya chembe za urithi za wamutanti. Mwaka 2023 mwandishi Kieron Gillen alionyesha malipo yake: Sinister alikuwa ameingiza chembe zake mwenyewe ndani ya waliofufuliwa, hata Xavier, Emma Frost, Hope na Exodus. Colossus naye aliingia barazani mwaka 2021, mtu mwema kabisa, kumbe ndugu yake Mikhail alikuwa amemweka chini ya mwandishi mmoja wa ajabu: kila analoliandika juu ya Colossus, Colossus analitenda. (Waandishi wa vitabu vya picha wakimbuni mwandishi, wanamfanya mchawi. Tunawasamehe.) Hapo tena mlango haukuvunjwa. Walioingia walikaribishwa, wakapewa kiti.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo tunawalaumu waandishi waziwazi. Kila mwaka Krakoa ilifanya karamu kubwa, Hellfire Gala, na wanadamu wasio wamutanti walialikwa kwa mavazi ya fahari. Karamu ya kwanza ilikuwa mwaka 2021, na usiku wake mgeni Wanda Maximoff alikutwa amekufa. Baadaye ilijulikana kuwa ni shauri la siri kati yake na Magneto, lakini wenyeji hawakujua hayo walipoikuta maiti. Karamu ya pili ilikuwa mwaka 2022. Moira aliingia humo akiwa ndani ya mwili wa Mary Jane Watson, mgeni mwalikwa, akatembea kati ya meza. Yaani hila ile ile ya ngozi ya Domino, ila safari hii adui alivaa mtu mzima mzima. Je, mwaka 2023 walifanya nini? Walifanya karamu ya tatu.

Watetezi wa kitabu hicho, cha Gerry Duggan, watasema kwamba kiburi ndicho kilichowaponza wamutanti, na kwamba kiburi hakijifunzi. Tungekubali, kama kitabu kingetuonyesha kiburi hicho kikijadiliwa. Tungetaka mtu mmoja barazani asimame na kusema, Mwaka juzi maiti, mwaka jana mpelelezi, tuache mwaka huu. Kisha wengine wamshinde kwa kura. Ukurasa mmoja ungetosha. Badala yake mashine Nimrod inaingia katikati ya vinywaji na kuwaua mashujaa waliochaguliwa dakika chache kabla, na msomaji anabaki na swali lisilo la huzuni bali la uchovu: Lakini hamkuona? Katika X-Force ya 2019 tulilia na waliouawa, kwa kuwa walikuwa wamefanya kila walichodhani kinatosha. Hapa tuliwakasirikia. Maiti nyingi haziongezi uzito wa kitabu ikiwa marehemu walifanywa wajinga ili wafe.

Hata hivyo tusimnyime Duggan haki yake. Jambo moja katika kitabu hicho ni la kweli na la kutisha, nalo ni dawa. Kisiwa kilichunga maua yake na mayai yake, lakini dawa zilizotoka bandarini kwenda kwa wagonjwa wa dunia nzima hazikuwa na mchungaji, ingawa ndizo zilizowapatia heshima yao kati ya mataifa. Orchis walizitia sumu ya kungojea amri. Kisha wakamwambia Xavier: waamuru watu wako wote waingie milangoni na waondoke duniani, ama sivyo wanadamu waliozimeza watakufa. Mwalimu yule, ambaye maisha yake yote alihubiri kwamba wamutanti na wanadamu waweza kuishi pamoja, alitumia uwezo wake wa kuingia katika mawazo, akawasukuma watu wake kwa nguvu kuelekea kwenye maua. Mama na mtoto, mzee na kijana, wote wakatembea. Milango ikawapokea mmoja mmoja, kwani damu yao ilikuwa sahihi. Xavier aliamini kwamba amewaua. Kumbe walitupwa katika jangwa lililo nje ya dunia hii, na vitabu vya 2024 viliwatafuta huko.

Wenye vijana nyumbani wasiwanyang'anye vitabu hivi. Waanze nao Inferno, ambayo ni matoleo manne tu, kisha toleo la kwanza la X-Force, ingawa lina damu nyingi na halifai kwa walio chini ya miaka kumi na minne. Way of X ni ngumu kidogo, lakini ndiyo itakayowapa mazungumzo ya jioni. Karamu ya 2023 isomwe mwisho, baada ya ile ya 2022, na kijana aulizwe angemweka nani mlangoni.